Piteni

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Kutoka 12:1-13, Luka 10:30-37.)

  Ninyi mlio jikoni mkichochea moto, ninyi mlio njiani mkipeleka maziwa au majani chai, na wewe mgonjwa uliyelala kitandani na redio karibu na sikio, sote tu pamoja kwa dakika hizi chache.

Juma lililopita mjukuu wangu alinijia na kamusi ya Kiingereza mkononi. Akaniuliza, "Guka, neno hili lina maana ngapi?" Neno lenyewe ni "pass". Ni neno fupi sana, herufi nne tu, na mbili kati yake zinafanana. Nikamjibu kama mwalimu wa zamani, bila kuvua miwani, "Maana yake ni kupita." Akacheka, akaanza kunisomea. Alisoma ukurasa mzima, akafunua ukurasa wa pili, na chai yangu ikapoa.

Tazameni wenyewe. Vijana wakicheza mpira pale Ruring'u, mmoja huita, "Pasi! Pasi!" naye ataka apewe mpira. Bunge likikubali mswada, Waingereza husema limeupasisha kwa neno hilo hilo. Hakimu akitoa hukumu, neno ni hilo. Mezani ukitaka chumvi iliyo mbali, waiomba kwa neno hilo. Wakati ukienda zake, ni neno hilo. Mtu akifariki, na watu hawataki kutaja kifo kwa jina lake, husema amepita. Kule Nanyuki, mfanyakazi wa kambi ya jeshi haingii langoni bila pasi. Na pale Kiganjo, karibu na mji wetu wa Nyeri, makurutu wa polisi wakimaliza mafunzo yao hufanya gwaride la kufuzu, ambalo kwa Kiingereza huitwa kwa neno hilo pamoja na kineno kingine kidogo cha kuonyesha kutoka. Ajabu ni kwamba maneno hayo mawili, yakiwa pamoja hivyo, humaanisha pia kuzimia. Basi kurutu akisimama juani muda mrefu mno, aweza kufanya yote mawili kwa siku moja.

Sisi nasi tumelichukua neno hili tukalifanya letu, na mara nyingine tumelichanganya. Nyanya mmoja wa mtaa wetu alipigiwa simu na mjukuu wake aliyekuwa shule ya bweni. Mtoto alilia kwamba amepoteza pasi, na sasa mlinzi hamruhusu kutoka. Nyanya huyo, kwa huruma, akatafuta mtu wa pikipiki, akamtumia pasi yake mwenyewe ya kupigia nguo, ile ya makaa, yenye jogoo kwenye mfuniko. Mlinzi aliipokea langoni. Sijui aliiandika vipi katika kitabu chake. Pasi ya nguo, wapenzi, kwa Kiingereza ina jina jingine kabisa.

Mjukuu wangu alipochoka kusoma akaniuliza, "Guka, katika hizi zote, ni ipi uliyojifunza kwanza?" Hapo sikucheka tena. Katika nyumba yetu neno hili lilifika likiwa karatasi.

Wazee wetu waliijua karatasi kabla yangu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, nayo ikaanza kufuatwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyekuwa mtu mzima alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, alama za vidole vyake, na habari za kazi alizofanya na mshahara aliolipwa. Cheti hicho kilitiwa katika kijikebe cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Ndicho kipande. Mwaka 1922 Harry Thuku alipokamatwa Nairobi, na watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi, kipande kilikuwa mojawapo ya manung'uniko yao makubwa. Sheria ile ilibadilishwa mwaka 1947, lakini jina halikutoka mdomoni. Mpaka leo kijana aliyezaliwa juzi, akienda kuchukua kitambulisho, husema anakwenda kuchukua kipande, wala hajui kwamba babu ya babu yake alikivaa kama ng'ombe avaavyo kengele.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Kuanzia 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa kitabu cha pasi, na mwaka huo huo, kuanzia Juni, watu waliondolewa mashambani wakakusanywa vijijini. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa hivyo, katika vijiji zaidi ya 800. Wasikilizaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Ninyi vijana, fikirini kijiji chenye handaki pande zote, na ndani ya handaki mianzi iliyochongwa ncha, na daraja moja la kuvukia, na kibanda cha walinzi mbele ya daraja. Kwenda shambani kulikuwa na saa zake. Kwenda kwa ndugu yako katika lokesheni nyingine kulitaka cheti. Cheti kilisema wewe ni nani, wakwenda wapi, na utarudi lini.

Mwaka 1955 nilikuwa mtoto wa miaka minane, kijiji chetu kikiwa upande wa Mathira, chini ya mlima. Habari ilitufikia kwamba mama mdogo, ndugu yake mama, amejifungua na sasa ana homa kali. Mama alikwenda kuomba cheti. Alisimama kutwa nzima, akarudi nacho jioni amekifunga katika ncha ya leso. Mama hakujua kusoma. Alikishika juu chini, lakini alijua mhuri uko wapi, naye alikuwa akiugusa kwa kidole mara kwa mara kuhakikisha kwamba haujaondoka.

Asubuhi, tulipokuwa tukitoka, mama jirani akatujia mbio. Mgongoni alikuwa na mtoto mwenye kifua kibaya, akipumua kwa sauti kama msumeno. Alitaka kumfikisha hospitali ya Tumutumu. Alikuwa ameomba cheti siku mbili mfululizo akanyimwa, kwa kuwa mume wake alikuwa kizuizini. Hakumwomba mama lolote. Alitembea tu nyuma yetu, na mama hakumfukuza.

Pale darajani alikuwako mlinzi kijana, mmoja wa wale tuliowaita ngati, mtoto wa watu tuliowajua. Akanyosha mkono. Mama akampa cheti. Akakitazama. Akauliza, "Hiki ni cha watu wangapi?"

Mama yangu alikuwa amebatizwa, na uongo ulimshinda. Wala hakutaka kusema kweli. Akamwambia, "Soma, mwanangu."

Kijana akakitazama tena kwa muda mrefu. Ndipo mimi, niliyekuwa nimesoma miaka miwili tu, nikaona kwamba na yeye amekishika juu chini. Akatazama mhuri. Akatazama yule mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Piteni."

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri. Mlinzi Mwingereza angesema "pass", na neno hilo halionyeshi kama anamruhusu mmoja au wawili. Kwa lugha yetu, kama kwa Kiswahili, amri ya mtu mmoja na amri ya watu wengi hazifanani. Angesema "pita", mama angevuka peke yake pamoja na mimi niliyeshika nguo yake. Alisema "piteni". Neno lile lilikuwa na nafasi ya mama jirani na mtoto wake.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama kichekesho. Nilisema, "Mungu aliwaokoa kwa ujinga wa mlinzi." Mama alikuwa akinisikiliza bila kusema neno, mpaka siku moja, tayari amezeeka, akaniambia, "Wewe Mwalimu, mtu yule hakujua kusoma, lakini kuhesabu watu wawili alijua." Tangu siku hiyo siisimulii tena kwa kicheko.

Ningependa kuishia hapo, tumsifu mlinzi huyo na kuimba. Lakini kuna jambo gumu, nami ni mzee, nisiposema mimi sijui nani atasema. Katika kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12, watu wa Gileadi waliviteka vivuko vya Yordani. Kila mtu aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja. Neno hilo, Shibolethi, ndilo lililokuwa pasi yake. Aliyeshindwa kutamka herufi yake ya kwanza aliuawa pale pale, na Biblia inataja watu 42,000. Sisi wa Nyeri tunaocheka jinsi mwenzetu anavyochanganya "r" na "l", tusome mlango ule polepole.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vizuizi viliwekwa barabarani katika Bonde la Ufa, na watu wakadaiwa vitambulisho ili kabila lao lijulikane kwa jina. Watu wetu walidaiwa hivyo, na wengi wakafa au wakakimbia. Ninyi mlipokea jamaa zenu wakifika na godoro tu. Hayo tunayasema kila mara. Lakini mwisho wa Januari 2008, kule Naivasha, wako vijana wa jamii yetu wenyewe waliowatafuta wengine kwa njia hiyo hiyo, na watu wakafa, wengine wakachomwa ndani ya nyumba. Nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 1,100 katika majuma yale machache. Wajukuu wa watu waliodaiwa pasi darajani ndio waliosimama barabarani kudai pasi. Mimi sikuwako Naivasha. Nilikuwa nyumbani nikisikiliza redio, na siku ya kwanza, kabla moyo haujanihukumu, nilisema, "Na wao wamejua." Nimelitubu neno hilo, lakini nililisema.

Basi turudi kwenye somo letu, Kutoka 12. Waingereza wanaiita sikukuu ya Pasaka kwa neno letu hilo hilo, "pass", limeunganishwa na "over", yaani kupita juu. Aliyeliunda jina hilo ni William Tyndale, alipotafsiri vitabu vya Musa vilivyochapishwa mwaka 1530. Miaka sita baadaye aliuawa, mwili wake ukachomwa moto, kwa sababu ya imani yake na kazi ya kuwapa watu Biblia kwa lugha yao. Sisi katika Kiswahili tuna Pasaka, jina lililotokana na lile la Kiebrania, basi hatusikii kupita ndani yake mpaka tufundishwe. Nao wataalamu wengine husema kwamba kitenzi kile cha Kiebrania chaweza pia kumaanisha kulinda, kusimama juu ya kitu kama ndege juu ya kiota. Ukisoma Isaya 31, mstari wa 5, utaona picha hiyo ya ndege. Basi Mungu kupita mlangoni si kama mtu anayekwenda zake asijali. Amesimama pale, na mharabu haingii.

Mwone pia mambo mawili ambayo wahubiri tunayaruka upesi tupate kufika kwenye damu. La kwanza, mstari wa 4: kama watu wa nyumba ni wachache, mwana-kondoo akiwazidi, wamchukue na jirani aliye karibu, wamle pamoja. Jirani anaingia katika nyumba ya mwenzake na kulala nyuma ya mlango wa mwenzake. La pili, alama iko kwenye miimo ya mlango. Haiko shingoni mwa mtu. Hakuna anayeulizwa ndani mle kama mzaliwa wa kwanza ni mtoto mwerevu au mzito, mtiifu au mtoro. Aliyemo ndani, yumo. Nikisoma mstari ule wa 4 huwa namwona mama jirani akitembea nyuma yetu na mtoto wake.

Mama aliitwa na Bwana akiwa na miaka mingi. Tulipopanga vitu vyake tulikuta mkebe wa mafuta ya kupikia, na ndani ya mkebe kadi yake ya ubatizo imekunjwa pamoja na kile cheti cha 1955. Rangi ya mhuri ilikuwa karibu kuondoka. Ndugu zangu waliniuliza kwa nini aliviweka pamoja. Sikuwa na jibu. Siku ya mazishi, kijana mmoja aliyeongoza ibada kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wa mjini, alisema mama "amepita". Nami nikawaza, amepita wapi?

Waliokwenda pale makaburini kwa Waanglikana mjini Nyeri wameliona kaburi la Baden-Powell, yule mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki hapa kwetu Januari 1941. Watu hutoka nchi za mbali kuja kulitazama. Juu ya jiwe lake kuna alama ya skauti: duara, na nukta katikati. Ni alama ambayo skauti huiacha njiani kuwajulisha wenzake wanaofuata nyuma. Maana yake ni, nimekwenda nyumbani. Mimi sikuwahi kuwa skauti, na mambo mengi ya wazungu wa siku zile siwezi kuyasifu, lakini alama hiyo naipenda kuliko neno "amepita". Aliyepita huenda tusijue aliko. Aliyekwenda nyumbani, anajulikana aliko.

Sasa nimekawia kufika kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii ya kuzungumza nanyi. Ni habari ya mtihani.

Katika maana zote za neno hili, hakuna iliyoliza watoto wa milimani kwetu kama hii. Katika miaka ya 1970 palikuwa na mtihani wa C.P.E. mwisho wa darasa la saba. Ukaja ule wa K.C.P.E. mwaka 1985, ukafanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi karatasi ya mjukuu wangu haina kupita wala kuanguka. Huandikwa amezidi matarajio, ametimiza matarajio, anayakaribia, au yuko chini yake. Yeye katika hesabu "anakaribia", na mimi naona hilo ni neno la Kikristo kabisa. Lakini nendeni Karatina siku ya soko mkasikilize wazazi. Swali bado ni lile lile: "Amepasi?"

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja ambayo sitaitaja. Nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko watoto, kila mtu alijua. Matokeo yalipokuja tuliwaita wazazi uwanjani, nami, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa nzuri, nikapewa kazi ya kusoma majina ya waliopita. Niliyasoma kwa mpangilio wa alama. Kila jina lilipotajwa, vigelegele vilipigwa. Kulikuwa na mvulana mmoja, mtoto wa mjane, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Mama yake alikuwa amefunga kitambaa cha Jumapili ingawa ilikuwa katikati ya juma. Walisimama pamoja karibu na ua. Nilisoma mpaka mwisho, nikakunja karatasi.

Hilo silo kosa langu. Jina lake halikuwamo, ningelisoma wapi?

Siku tatu baadaye nilikuwa kwenye baiskeli nikielekea Karatina. Mbele yangu kando ya barabara nikamwona mvulana huyo, na gunia la makaa mgongoni. Aliponitambua akaliweka gunia chini, akainua mkono, akaita, "Mwalimu!" Nami sikujua la kumwambia. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo kweli yenyewe. Sikumchukia, wala sikumdharau. Sikuwa na neno. Basi nikapiga kengele, kama mtu anayemwondoa ng'ombe njiani, nikakanyaga pedali nikapita.

Somo letu la Luka 10 nimelihubiri mara nyingi. Kuhani akaja akamwona yule mtu, akapita upande wa pili. Mlawi naye vivyo hivyo. Kila mara niliwachapa wawili hao kwa maneno makali, na kanisa likatikisa kichwa. Nilisema waliogopa wanyang'anyi, waliogopa najisi, walikuwa na haraka ya ibada. Sikusema hata mara moja kwamba labda hawakujua la kumwambia. Msamaria, mkitazama vizuri, hasemi neno lolote kwa yule mtu tangu mwanzo mpaka mwisho. Anaosha, anafunga, anapandisha juu ya mnyama. Neno lake la kwanza analisema na mwenye nyumba ya wageni, nalo ni habari ya fedha.

Mwaka jana nilipeleka koti langu kwa fundi wa nguo Karatina, nyuma ya soko. Mzee hupungua, na mikono ya koti ilikuwa imenizidi. Nilielekezwa kibanda cha fundi anayesifiwa kwa kazi safi. Nikamkuta mtu wa miaka sitini na kitu, miwani puani, anapiga pasi kola ya shati. Umeme ulikuwa umepotea siku hiyo, basi alitumia pasi ya makaa. Akanitazama, akatazama viatu vyangu vyenye vumbi, akasema, "Mwalimu, siku hizi unatembea kwa miguu?"

Sikumtambua. Kisha nikamtambua.

Nikaanza kumwomba msamaha kwa ajili ya siku ile ya majina. Akatikisa kichwa. Akasema, "Ah, Mwalimu, ile si kitu. Majibu yangu niliyajua tangu nilipotoka chumba cha mtihani. Mimi nilikuwa na swali siku ile ya baiskeli." Nikamwuliza swali gani. Akasema, "Nilitaka kukuuliza kama ningeweza kurudia darasa la saba. Mama alikuwa ameuza mbuzi." Akaipitisha pasi juu ya kola, akageuza shati. "Ungenijibuje?"

Wapenzi, ningeweza kumwambia sikumbuki. Lakini nakumbuka. Mwaka ule darasa langu lilibaki na madawati matatu matupu. Nikamwambia, "Ningesema ndiyo."

Hakujibu. Alipulizia makaa ndani ya pasi mpaka yakawaka, akaendelea na shati mpaka likaisha, akalikunja. Kisha akavuta kiti kutoka pembeni, akakipangusa kwa kiganja, akasema, "Kaa, Mwalimu. Koti lako halijawa tayari." Akamtuma kijana wake chai. Nilikaa pale mpaka saa kumi na moja jioni, na tuliyozungumza ni yetu wawili.

Tuombe. Bwana Yesu, ulisimama njiani karibu na Yeriko kipofu alipokuita, ingawa walimwambia anyamaze. Tunawataja mbele zako watoto wanaongoja matokeo yao, na mama zao. Tunawataja walinzi wote wa milango na madaraja, na wale wanaosimama mbele yao bila karatasi. Tunawataja wa Naivasha. Amina.